Kemshafti Mpya Iliyolika Mapema

Jumapili asubuhi Maree Koschel alikuwa akikaanga mayai na bekoni. Injini ilinguruma gerejini. Majirani hapo Mildura, mji wa Australia, walishazoea. Maree aliendesha magari ya mbio kwenye uwanja wa udongo, na Colin, mumewe, ndiye fundi wake.

Majira yote ya baridi Colin aliiunda upya injini ya mkewe. Aliiwekea springi ngumu za mbio na kemshafti mpya. Kemshafti ni mhimili unaozunguka ndani ya injini, na vinundu vyake ndivyo vinavyofungua valvu, vilango vya kuingizia hewa na kutolea moshi. Shindano la kwanza lilikuwa baada ya wiki tatu.

Maree alizima jiko, akatega sikio. Tik, tik, tik.

"Colin! Hiyo sauti ni ya nini?"

"Valvu zimelegea kidogo, mpenzi. Nitazirekebisha."

"Ulizirekebisha Alhamisi. Na jana pia."

Injini ikapiga chafya kwenye kabureta, pale hewa na petroli huchanganyika, mbwa akakimbilia nje.

Maree akaenda kumwita jirani, Nerida Vuković, aliyefanya kazi miaka thelathini katika karakana ya injini. Nerida alikuja na kandambili miguuni, kikombe cha chai mkononi.

"Mmeshaniharibia Jumapili," alisema. "Haya, toeni filta ya oili."

Akaikata filta, akakunjua karatasi yake juani. Karatasi ilimetameta.

"Huo ni unga wa chuma. Msiiwashe tena. Kuna kitu kinasagika humo."

"Injini mpya hii, Nerida!"

"Chuma hakijui upya, Colin. Lete saa ya kupimia, ile ya vipimo vidogo."

Walizungusha injini kwa mkono, wakapima kila valvu inainuliwa kiasi gani. Kumi na nne zilikuwa sawa. Mbili zilipanda nusu tu. Wakaitoa kemshafti. Vinundu viwili vilikuwa vimelika, karibu vimekuwa duara.

Nerida akaokota tapeti, kile kipande cha chuma kinachokaa juu ya kinundu.

"Tapeti isiyolika imebinuka kidogo chini, ndiyo maana huzunguka inaposukumwa. Hii imebonyea kama kisahani. Ulinunua mpya?"

Colin akatazama sakafu. "Za zamani zilionekana nzima. Nilizisafisha."

"Zilikwisha kulika kufuata kemshafti ya zamani. Juu ya mpya hazizunguki, zinakwangua pale pale. Na siku ya kwanza uliiwashaje?"

"Taratibu. Niliiacha ingurume polepole nusu saa. Niliionea huruma."

"Huruma hiyo ndiyo iliyoimaliza, mwenzangu. Krenki, ule mhimili mkuu wa chini, ndiyo inayorusha oili juu ya vinundu. Ikizunguka polepole, hairushi ya kutosha. Tena umeweka springi ngumu zinazokandamiza, na oili ya magari ya kisasa, yenye zinki kidogo, na zinki ndiyo hukinga chuma kisikwanguane."

Maree alikuwa na maneno makali mdomoni. Kisha akaona masikio ya mumewe yamekuwa mekundu.

"Afadhali imekufa hapa," alisema, "kuliko nikiwa kwenye kona na watu kumi nyuma yangu."

Colin akacheka kidogo. "Tuanze kuifungua, basi."

Walifungua injini yote, wakaosha kila tundu na kubadilisha beringi, maana unga wa chuma huingia kila mahali. Wakanunua kemshafti na tapeti mpya pamoja. Walizipaka grisi yake maalumu, wakatia oili yenye zinki, na kwa kuwa kila valvu ilikuwa na springi mbili, wakaondoa zile za ndani kwa muda ili mkandamizo upungue. Kabla ya kuwasha, walisukuma oili ndani kwa kuzungusha pampu yake kwa drili.

Injini ilipowaka tu, Maree akaipandisha hadi mizunguko elfu mbili na zaidi kwa dakika. Aliishikilia hapo, akiipandisha na kuishusha kidogo, kwa dakika ishirini. Mkono wa Colin ukaelekea kwenye kabureta kupunguza kasi.

"Usiguse!" Nerida na Maree walisema kwa pamoja.

Baadaye wakamwaga oili na kukata filta. Karatasi ilikuwa safi. Wakarudisha springi za ndani.

Siku ya shindano Maree alimaliza wa tatu, matope hadi kwenye nyusi. Kesho yake Colin alikata filta nyingine, akaitandaza juu ya meza ya chakula ili kila mgeni aone ilivyo safi. Maree akapanga sahani kuizunguka.