Makofi ya Mlangoni

Jua lilikuwa linazama nilipokaa kwenye kompyuta ofisini kumalizia video ya harusi ya mdogo wangu. Alikuwa ananipigia kila siku kuniharakisha, nami namtania kwamba majirani zake wataiona kabla yake. Kazi yenyewe ndogo: kamera tatu, madirisha matatu kwenye skrini, mimi nachagua tu ipi ionekane.

Ili kamera ziende sawa, mwenzangu tunayemwita Kipara hupiga makofi mara moja kabla ya kuanza. Programu husikiliza mlio ule na kuzipanga. Siku ya harusi alipiga chumbani kwa bibi harusi, amesimama karibu na mlango. Paa! Mdogo wangu alikuwa ametupa kisogo, anafungwa shela. Akadhani kuna mtu anabisha.

"Karibu," akasema.

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Sasa programu ikamaliza kupanga. Yakafunguka madirisha manne.

Nikadhani ni macho yangu. Nikatafuta faili la hilo la nne, halipo. Nikalifuta... likarudi. Picha yake ilianzia mlangoni. Mara tu mdogo wangu aliposema "karibu", ikaingia taratibu mpaka nyuma ya shingo yake, ikakaa hapo harusi nzima. Kwenye kamera zetu, nyuma yake hapana kitu. Kwenye spika, pumzi. Na ofisini, harufu ya udongo uliofukuliwa.

Jamani, nilitaka kukimbia. Lakini ndugu ni ndugu.

Kamera zetu ziliishia maharusi walipopanda gari. Dirisha la nne likaendelea. Ndani ya gari. Nyumbani kwake. Halafu jikoni, anakata vitunguu, amevaa gauni la njano alilonitumia picha yake asubuhi hiyohiyo.

Nikampigia.

Dirishani, simu yake ikawaka mezani. Akafuta mikono, akapokea.

"Shikamoo kaka. Video tayari?"

Nikamwambia aache kila kitu, atoke nje, asigeuke nyuma. Nilinong'ona, sijui kwa nini. Akanicheka, akaniuliza nimekunywa nini leo. Kisha sauti yake ikashuka.

"Kaka... tangu harusi shingo yangu ina baridi."

"Toka, mama. Toka sasa hivi."

Akatembea. Picha ikamfuata. Akafika sebuleni, mkono unakaribia kitasa...

Paa.

Makofi yale niliyasikia kwenye simu. Yalitoka nje ya mlango wake.

"Usiitike!"

Lakini yule tumemlea wenyewe, kwa adabu. Tangu utotoni, mtu akibisha, mdomo wake hutangulia akili.

"Karibu."

Simu ikakatika. Dirisha la tano likafunguka.

Shemeji anasema alimkuta amelala, ni uchovu wa harusi tu. Amelala tangu siku ile. Watu wa dini wamemwombea, daktari amempima, hakuna anayeona kitu. Mimi naona. Ukiacha matatu yetu, madirisha sasa ni saba, yote yamekizunguka kitanda chake, na kila jioni yanasogea kidogo.

Kipara ananisihi niichome moto kompyuta. Ningeichoma hata leo. Lakini shemeji hataki tena wageni, hata mimi, na humo ndimo ninamoona kifua cha mdogo wangu kikipanda na kushuka. Basi nakaa. Naangalia.