Chupa Nane za Dorohoi

Ukitaka kujua watu wa Cluj, huku Rumania, wametoka wapi, usiwaulize, watakudanganya kwamba ni wa hapahapa. Nenda Jumapili saa sita mchana kwenye uwanja ulio nyuma ya stesheni, pale mabasi madogo ya mikoani yanapofungua milango ya nyuma na madereva kuanza kuita majina. Utakuta wahandisi, wauguzi na mafundi wanasukumana, wamenyoosha mikono kupokea mizigo ya mama zao. Wa hapahapa hata mmoja humwoni.

Hapo ndipo Smaranda alipokutana na Liviu, mwezi Oktoba, wiki ya tatu tangu binti huyo ahamie mjini kutengeneza meno ya bandia kwenye maabara moja. Siku hiyo alivaa koti la rangi ya zabibu, nywele kazibana kwa penseli. Dereva Grigore alimkabidhi mfuko kutoka kwao Dorohoi, na kabla hajapiga hatua mbili, mshikio ukakatika.

"Shika chini, dada! Chini!" Kijana mrefu wa ovaroli ya buluu aliudaka mfuko kwa goti.

"Umevunja?"

"Nimekuokolea, halafu naulizwa nimevunja! Humu kuna nini, matofali?"

"Zakuska ya mama, ya biringanya na pilipili hoho, ya kupaka mkate. Chupa nane."

"Nane? Unalisha kambi?"

"Naishi peke yangu."

"Makubwa! Basi mama yako ana wasiwasi na wewe."

Smaranda akacheka, kicheko cha kwanza tangu aje. Kumbe wote wawili walipanga Florești, pembezoni mwa mji, majengo matatu tu kati yao. Liviu alikuwa fundi wa lifti, mtu wa Corabia, kule chini kwenye mto Danubi, na mjini ana miaka miwili. Akaubeba mfuko mpaka mlangoni. Malipo yake yalikuwa chupa moja, akairudisha kesho yake tupu, imeoshwa, ili apate sababu ya kubisha hodi.

Sasa Florești mnaijua. Jana shamba la mahindi, leo maghorofa yanayofanana kama mayai. Wiki ya kwanza Smaranda alihangaika na ufunguo kwenye mlango wa mtu mwingine mpaka mbwa akamjibu kwa ndani. Aliwasalimia watu ngazini kama kwao, nao wakashtuka. Msimshangae. Mimi nina miaka kumi na miwili hapa, na jirani wa mlango wa pili namjua kwa kikohozi chake tu.

Lakini binti huyu hakuwa mtu wa kulia dirishani. Yeye alikuwa na ugonjwa wa maswali.

"Liviu, kwa nini watu wa huku wanaongea polepole hivi?"

"Mji ni wao, wana haraka ya nini?"

"Na yule wa ghorofa ya sita, anayewasha taa mchana kutwa?"

"Mtu wa Vaslui. Kapanda nyanya chumbani, anazidanganya kuna jua."

"We! Umejuaje?"

"Mimi fundi wa lifti, mrembo wangu. Kati ya ghorofa ya kwanza na ya tano kila mtu hunimwagia shida zake."

"Na wewe, uliacha lini kujiona mgeni?"

Liviu alifikiri. "Siku mtu aliponiuliza njia, nikamwelekeza bila kuwaza. Nilifurahi hata nikamsindikiza. Maskini, alidhani nataka kumwibia."

Wakapendana, kipupwe kikapita. Kila usiku simu, wakati wangeweza kupungiana mkono dirishani. Tatizo lilikuwa moja. Smaranda alikuwa amempa mama yake ahadi.

"Tarehe nane Machi, mama. Kama bado najiona mgeni, nitapanda basi la Grigore nirudi."

"Na chupa zangu? Wenzako wanazirudisha zijazwe."

"Nitakuja nazo mwenyewe."

Kwa hiyo chupa tupu zilikaa chini ya kitanda, nane, zikisubiri safari pamoja naye. Liviu alizijua, na kila alipoziona alikosa raha.

Ikaja Machi mosi, siku ya uzi mwekundu na mweupe wa kubandika kifuani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao Liviu, mwanamume ndiye humpa mwanamke. Kwao Smaranda, mwanamke humpa mwanamume, naye mwanamume zamu yake ni tarehe nane, Siku ya Wanawake. Nchi moja, desturi mbili, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenzake. Hata yule mwenye ugonjwa wa maswali!

Na wote wawili walinunua kwa bibi yuleyule wa soko la Mărăști, ambaye mwaka huu kila uzi wake ulikuwa na pambo moja tu, ufunguo mdogo wa fedha.

Alfajiri Liviu alitumbukiza bahasha kwenye kisanduku cha barua cha Smaranda. Ndani mlikuwa na uzi na karatasi: "Usirudi Dorohoi. Kaa nami. Ukikubali, uvae." Masikini, hakujua kwamba Smaranda hakifungui kisanduku hicho kamwe. Nani amwandikie? Hata jina lililobandikwa pale lilikuwa la mpangaji wa zamani.

Mchana Liviu aliitwa kazini, watu wamekwama kwenye lifti. Smaranda akamfuata hukohuko, akamkuta mikono imejaa grisi, akamtumbukizia kikaratasi kilichokunjwa mfukoni.

"Fungua ukishanawa," alisema, akatoka mbio kwa haya.

Liviu alinawa, akafungua. Ufunguo wa fedha, uzi mwekundu na mweupe. Karejeshewa uzi wake! Alikaa kwenye ngazi muda mrefu, hata walionaswa wakaanza kugonga mlango wa lifti.

Jumanne wakakutana dukani, kwenye foleni ya mkate. Macho ya Smaranda yalikwenda moja kwa moja kwenye koti la Liviu. Kifua kitupu.

"Ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ee, na?"

"Nimeelewa, Smaranda. Si lazima tuseme."

"Umeelewa nini?"

"Kila kitu. Usijali, sina kinyongo."

Alilipa mkate akaondoka. Smaranda alibaki na moyo unamuuma kwelikweli. Kwao, mwanamume asiyeuvaa uzi wako amekukataa mchana kweupe. Jioni akampigia mama yake. "Nakuja Jumapili," alisema, akakata simu.

Jumapili, tarehe nane, akatoka na sanduku lake na mfuko wa chupa. Nje, mwanamke mmoja mwenye begi mgongoni alimsimamisha.

"Dada, samahani, zahanati iko wapi?"

"Pita nyuma ya duka la rangi, usifuate barabara, kuna matope. Ukiona balkoni yenye baiskeli nyekundu, kata kushoto."

Mwanamke akashukuru, akaenda. Smaranda akaganda pale alipo. Alikuwa ameelekeza njia, tena ya mkato, bila kuwaza.

Akarudi ndani taratibu. Mwenye nyumba alikuwa amemwagiza asafishe kisanduku cha barua kabla ya kuacha funguo. Akakifungua, akatoa matangazo ya maduka kiganja baada ya kiganja. Chini kabisa, bahasha.

Simu ya Liviu iliita mara moja tu.

"Liviu, ule ufunguo niliokupa uko wapi?"

"Mfukoni. Ulionirejeshea?"

"Nani kakurejeshea? Wako ninao mkononi sasa hivi! Ule ni mwingine, niliununua mimi!"

"Wewe? Mwanamke anampa mwanamume?"

"Kwetu ndivyo! Na wewe hukuuvaa, mjinga wewe, nimelia wiki nzima!"

Kwenye simu ukasikika mlango ukipigwa kishindo, na dakika mbili baadaye Liviu akaingia anahema, kavaa ndala kwenye baridi, uzi kaubandika kifuani kinyumenyume.

"Kwenu mwanamume hutoa lini?" aliuliza.

"Tarehe nane."

"Leo ngapi?"

"Nane."

"Sasa kosa langu liko wapi?" Akauchukua uzi kwenye kiganja cha Smaranda, akambandika kwenye koti la rangi ya zabibu. "Nakuuliza kwa mdomo basi, maana barua zako hufungui. Utakaa?"

"Nakaa," alisema Smaranda. Akamshika ovaroli, akamvuta. "Lakini usinitumie barua tena."

Saa saba kasoro robo walikuwa uwanjani. Dereva Grigore alinyoosha mkono apokee sanduku. Smaranda akampa mfuko wa chupa.

Mama alipiga kesho yake jioni.

"Grigore kaniletea chupa."

"Ndiyo, mama."

"Nane, tupu. Na wewe hukuja."

"Sikuja, mama."

Smaranda alisikia chupa zikigongana, zikipangwa moja moja mezani kule Dorohoi. Alitazama mlangoni, Liviu alikuwa amekaa sakafuni akiandika SMARANDA kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kisanduku cha barua, ulimi nje kama mtoto wa shule.

"Haya," mama akasema mwishowe, akipenga kamasi. "Nane zitatosha?"

"Hazitoshi, mama. Ongeza."