Punda Wawili, Makopo Mawili

Kabla ya kufunga mkokoteni, Sedekia alikuwa na desturi ya kuwapapasa punda wake, kuanzia masikio hadi kwato. Baba yake ndiye aliyemfundisha. "Punda hasemi," mzee alikuwa akimwambia. "Muulize kwa mkono."

Punda walikuwa wawili. Kahawa alikuwa wa rangi ya udongo, mwenye hasira. Sabuni alikuwa mweupe na mpole. Walivuta mpunga kutoka mashambani hadi kwenye mashine za kukoboa pale Chimala, na nyumba nzima ilikula kwa nguvu zao.

Asubuhi hiyo mkono wa Sedekia ulisimama chini ya jicho la Sabuni. Hapo palikuwa na kinundu kikavu alichokifahamu siku nyingi. Sasa kilikuwa kimevimba na kupasuka, na nzi wamekizunguka.

"Mama Anjela!" aliita. "Njoo uone."

Yudith, mkewe, alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alitazama, kisha akamgeukia punda wa pili. Kahawa naye alikuwa na uvimbe kama huo kifuani, mahali unapopita mkanda wa mkokoteni.

"Kikifika jichoni je?" aliuliza Yudith.

Punda asiyeona upande mmoja hushtuka ovyo, na barabara kuu ya Chimala ina malori mchana kutwa.

Jirani yao Gideoni, ambaye pia alikuwa na punda, aliegemea ua wa minyaa uliotenganisha viwanja vyao. "Mnasumbuka bure," alisema. "Vunja tawi la mnyaa hapa, mpake utomvu. Wangu nilimpaka, uvimbe ukadondoka wenyewe."

"Karibu na jicho, Gideoni? Utomvu wa mnyaa unapofusha hata mtu."

"Haya, mpeleke Ulaya akavalishwe miwani!"

Sedekia hakucheka. Aliwapeleka punda wote wawili kwa Daktari Devotha, daktari wa mifugo kutoka Kilolo, aliyekuwa Chimala kwa kazi ya utafiti.

"Kamwene, daktari," alisalimia.

"Kamwene, baba. Tuwaone hao wagonjwa."

Aliwakagua mmoja mmoja. Kisha akasema, "Huu ni uvimbe wa ngozi unaowapata farasi na punda. Unahusishwa na kirusi kinacholeta chunjua kwa ng'ombe. Kwa kawaida hausambai ndani ya mwili, lakini unakua palepale na kuharibu. Ukiuchokoza kwa kisu kichafu au kitu kinachounguza, unaweza kukua kwa kasi zaidi."

"Dawa yake?"

"Tunaweza kukata, ila mara nyingine unarudi. Kwa hiyo tunapima mafuta yaliyotengenezwa kwa mmea. Hayaunguzi, hilo tumeshahakikisha. Kama yanaponya, hatujui."

"Hata wewe daktari hujui?"

"Ningekuwa najua, nisingepima."

Alitoa makopo mawili yanayofanana, yenye harufu moja ya majani. Juu ya kila kifuniko aliandika jina la punda. "Baadhi ya makopo yana dawa ya mmea. Mengine yana mafuta matupu. Yako ni yapi, mimi sijui. Anayejua ni mwenzangu mmoja aliye mbali."

"Sasa daktari, huyo wa mafuta matupu si anaonewa?"

"Akizidiwa, tunamtoa kwenye kipimo na kumtibu mara moja. Lakini tukiwapaka dawa punda wote, wengine wakapona, tutajuaje kama wamepona kwa dawa? Uvimbe mwingine hukauka wenyewe. Kwa hiyo tunawalinganisha. Kila punda na kopo lake, baba. Ukiona uvimbe unakua, nipigie siku hiyohiyo."

Alimwonyesha pia jinsi ya kuosha vidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, na kufukuza nzi. Mkanda wa Kahawa aliusogeza, akauzungushia kitambaa laini ili usiguse uvimbe.

Mwanzoni Sedekia alifuata maelekezo. Baada ya muda, uvimbe wa Kahawa ulianza kunywea. Wa Sabuni ulibaki vilevile.

"Umeona?" alisema Yudith. "Kopo la Kahawa ndilo lenye dawa. Sabuni anapakwa mafuta ya bure."

"Daktari alisema kila punda na kopo lake."

"Baba Anjela, wanavuta mkokoteni mmoja. Wanakula karai moja. Unampaje mmoja dawa, mwenzake unamdanganya? Ungewafanyia hivyo wanao?"

Maneno hayo yalimwingia. Katika nyumba ile, hata muhogo mmoja uligawanywa kwa wote. Sedekia aliliweka kopo la Sabuni juu ya kabati, akaanza kuwapaka punda wote wawili kutoka kopo la Kahawa. Daktari hakuambiwa.

Kahawa aliendelea vizuri. Lakini uvimbe wa Sabuni ulianza kukua. Kope ya chini ilivutwa, jicho likatoa machozi. Sedekia alipitisha mkono mbele ya jicho lile kila asubuhi, akisubiri lipepese. Lilipepesa, lakini polepole. Akimwita daktari, udanganyifu utajulikana, na huenda Sabuni akakataliwa. Asipomwita, jicho litakwenda.

"Nikuvunjie tawi?" Gideoni aliuliza kutoka ng'ambo ya ua.

Sedekia aliutazama mnyaa. Alinyoosha mkono hadi kwenye tawi. Kisha akaurudisha, akatoa simu mfukoni.

"Daktari, nimekosea," alisema. "Uvimbe wa Sabuni umekaribia jicho. Na nimempaka kutoka kopo la mwenzake."

"Usimpake kitu kingine chochote," alisema Devotha. "Ninakuja."

Alifika, akakagua jicho, akampigia simu yule mwenzake mwenye siri ya makopo. Alisikiliza, kisha akageuka.

"Kopo la Kahawa lilikuwa na mafuta matupu," alisema.

Yudith alishika kiuno. "Hapana, daktari. Mbona Kahawa anapona?"

"Huenda ni kwa sababu mkanda hausugui tena na kidonda ni kisafi. Huenda uvimbe unakauka wenyewe. Dawa hakupata hata tone."

"Na la Sabuni?"

"Ndilo lenye dawa ya mmea."

Sedekia alikaa juu ya mti wa mkokoteni. Kopo lilikuwa juu ya kabati lake, limejaa zaidi ya nusu. "Kwa hiyo nimemnyima," alisema. "Nilitaka kumtendea haki, nikamnyima."

"Umemnyima nafasi kwenye kipimo. Kama dawa ingemsaidia, siwezi kusema, na sasa hakuna atakayejua. Punda wako hawatahesabiwa kwenye utafiti." Hakupandisha sauti. "Lakini umeniita. Jicho bado zima. Uvimbe ukifika kwenye kope yenyewe, kuukata kutakuwa na hatari kubwa. Leo unakatika."

Devotha alimchoma Sabuni sindano ya kumtuliza na ya ganzi. Sedekia alimshika kichwa, Yudith akafukuza nzi kwa kanga. Daktari aliukata uvimbe wote pamoja na ukingo wa ngozi nzima, akashona.

"Unaweza kurudi," alionya. "Mkague kama unavyofanya. Na kila mmoja awe na mkanda na hatamu yake, wasiambukizane."

Kidonda kilipona. Wakati wa mavuno Sabuni alirudi barabarani, akiyaona malori kwa macho yote mawili.

Siku moja Gideoni alimleta hadi kwenye ua punda mwingine mwenye kinundu sikioni. Tayari alikuwa amevunja tawi, na utomvu mweupe ulikuwa ukidondoka.

"Huyu naye atapona," alisema. "Yule wa kwanza si alipona?"

"Alipona," alisema Sedekia. "Je, ulikuwa na mwingine ambaye hukumpaka, umlinganishe naye?"

Gideoni alilitazama sikio la punda wake, kisha tawi. Utomvu uliendelea kudondoka chini. Mwishowe alilitupa tawi nyuma ya ua.

"Hebu nipe hiyo namba ya daktari," alisema.