Fundi kwa Herufi Kubwa

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walisongamana mbele ya gazeti la ukutani. Siku hiyo Chiriku, msichana aliyebandikwa jina hilo kwa maneno yake mengi, alifika kabla ya wenzake. Hadithi yake ilikuwa imetoka. Ilimhusu mshonaji mwaminifu aliyeitwa na mtaa mzima Fundi, kama baba yake Chiriku alivyoitwa. Fundi huyo alimfumania fundi mwingine akiiba vitambaa vya wateja.

Alisoma mistari michache, moyo ukampasuka. Miwani, mvulana aliyekuwa mhariri wa gazeti, alikuwa amebadilisha kila F kubwa kuwa ndogo. Sasa ilikuwa fundi huku, fundi kule, na msomaji asingejua mwaminifu ni yupi na mwizi ni yupi.

Kufikia mapumziko, darasa lilishaamua kwamba baba yake Chiriku anaiba vitambaa. Mmoja alimuuliza sketi yake imeshonwa kwa kitambaa cha nani. Chiriku alimwendea Miwani, naye bila kuinua uso akamjibu kuwa ufundi ni kazi, na kazi haiandikwi kwa herufi kubwa.

Chiriku hakubishana. Alirudi kwenye dawati, akaapa kumlipa. Alitunga hadithi nyingine, ya mvulana aliyeitwa Mhariri, mwenye miwani mizito, anayeibia majibu kwenye mitihani. Kila M kubwa aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Alijua Miwani hajawahi kuibia. Hakujali. Kila alipowaza jinsi darasa litakavyomcheka, roho yake ilipoa.

Mwalimu wa Kiswahili alimkuta akiibandika ukutani. Aliisoma hadi mwisho.

"Huyu Mhariri ni nani?"

"Wa kubuni tu, Mwalimu."

"Basi tumwandike kwa herufi ndogo, awe mhariri yeyote."

Chiriku akatikisa kichwa kukataa. Hakutaka awe mhariri yeyote. Alitaka kila msomaji amgeukie Miwani.

Mwalimu alipomdadisi, alikiri yote na kueleza jinsi herufi zake zilivyobadilishwa. Mwalimu alimwita Miwani, akawaeleza wote wawili kwamba neno la kazi likitumika kama jina la mtu huanza kwa herufi kubwa, na likitaja kazi tu huanza kwa ndogo. Miwani aliirudia hadithi ya kwanza. Alipofika penye wizi, uso ulimshuka.

"Kumbe nimemfanya baba yako mwizi," alisema. "Nisamehe."

Siku hiyohiyo aliinakili upya, akasimama mbele ya darasa na kueleza kosa lake. Chiriku naye aliichana hadithi yake, ingawa mkono ulisita.

"Herufi kubwa humtoa mtu kwenye kundi, aonekane ni yeye," mwalimu alimwambia. "Miwani alimnyima baba yako heshima hiyo kwa kutojua. Wewe ulitaka kumpa Miwani herufi hiyo ili uongo wako umpate yeye na si mwingine, na ulijua unachofanya. Mkweli hadai haki yake kwa kumsingizia mwenzake."