Mume Aliyeahidiwa Mtabila

Mihogo ikikaa majini kupita kiasi huoza, na Akimana hakuwa mwanamke wa kuozesha mihogo. Ndiyo maana jioni ile, ingawa jua lilishagusa vilima vya Burundi, alijitwika beseni akateremka bondeni, kwenye dimbwi ambalo wanawake wa upande ule wa Mabamba hulowekea mihogo yao. Alikuwa bibi harusi wa miezi mitatu. Mumewe, Niyubahwe, fundi seremala na kiongozi wa kwaya, alimwacha uani akipiga randa mlango wa mteja.

Aliinama, akaanza kuopoa. Harufu ya mihogo iliyovunda ilikuwa ileile ya siku zote. Vyura walikuwa wakipiga kelele zao.

Kisha wakanyamaza. Wote. Kwa pamoja.

Akimana aliinua kichwa. Ng'ambo ya dimbwi walikuwa wamekaa mbwa wanne, wembamba, wamenyooka kama watu kanisani. Hawakubweka. Hawakuhema. Nyuma yao alisimama mwanamume mrefu, mkuki begani, tumbo amelizungushia ngozi ya mnyama. Upepo ukaleta harufu nyingine... damu mbichi, kama siku ya kuchinja.

"Mwiriwe," mtu yule alimsalimu kwa Kirundi, kwa sauti ya chini.

"Mwiriwe."

"Nina kiu. Nipe maji."

Maji hanyimwi mtu. Akimana aliteka kwa kata kwenye chemchemi iliyo juu ya dimbwi, akamnyooshea. Mtu yule alivuka bila kuyatikisa maji, akapokea, akanywa yote.

Na yote yakamtoka tumboni.

Yalichuruzika chini ya ile ngozi, mekundu, yakamlowesha mapaja, yakadondoka kwenye mihogo.

"Umekua, *mugore wanje*," alinong'ona. Mke wangu. "Nilikuacha ukiwa mtoto mgonjwa wa surua, pale kambini Mtabila."

"Kwa jina la Yesu..." Akimana alianza.

Mtu yule hakushtuka. Alitabasamu kwa huzuni. "Huyo namjua. Naye walimchoma ubavuni, wakamwacha mtini. Ila yeye hakuahidiwa wewe. Nenda ukapike. Leo ninakula kwangu."

Akimana alikimbia. Beseni lilibaki, kata ilibaki, hata ndala zilibaki.

Nyumba ya mama yake ilikuwa njiani. Mama Pelagia alikuwa anapukuchua maharage mlangoni. Alimsikiliza binti yake mpaka alipofika kwenye maji yaliyotoka tumboni. Ungo ukamponyoka.

"Kiranga," alisema.

Akimana alilijua jina hilo kama watoto wote wa Kirundi wanavyolijua. Yule mungu-mwindaji wa wazee, aliyepasuliwa tumbo na pembe ya nyati akafia chini ya mti wa umurinzi. Na tangu siku hiyo, wazee walisema, maua ya mti huo ni mekundu.

"Ulikuwa unakufa, mwanangu," Mama Pelagia alisema haraka, akijifunga kitenge. "Zahanati ya kambi ilishakata tamaa. Bibi yako Ntirampeba akakubeba usiku mpaka kwenye umurinzi, akakupaka chokaa nyeupe usoni. Akamwambia Kiranga, akipona, ni mke wako. Asubuhi ukaomba uji. Mimi nilikimbilia kukubatizisha... nikadhani yamekwisha." Akamshika mabega. "Umempa chochote?"

"Maji tu, mama."

Mama Pelagia alifumba macho.

"Basi chakula usimpe. Hata akilia. Anayemlisha mume ni mke. Ukimlisha tu, umekubali."

Alichukua mchi wa kinu, wakaondoka pamoja.

Niyubahwe hakucheka walipomweleza. Aliweka randa chini, akaingia ndani, akatoka na panga.

"Mungu ni mmoja," alisema. "Huyo ni shetani tu. Na shetani ana shingo."

Mbuzi ndio walioanza. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba. Kilisikika kilio kimoja, kifupi, kisha sauti ya kitu kinachochanwa... kama kitambaa kikubwa, taratibu. Mbwa wakatokea pembeni mwa nyumba, midomo imelowa. Bado hawakubweka.

Wa kwanza aliruka. Niyubahwe alimkata shingoni, panga likazama hadi kwenye mfupa, mbwa akaanguka huku miguu ikipiga vumbi. Wa pili alimdaka mkono wa kushoto. Akimana aliusikia mfupa ukivunjika. Niyubahwe alipiga ukelele, akamgonga mbwa kwa mpini wa panga, mara kadhaa, mpaka jicho likamtoka, mbwa hakuachia. Walivutana, wakaangusha ule mlango mpya, wakaviringika juu ya maranda yaliyokuwa yamegeuka mekundu.

Mwindaji aliingia uani akitembea polepole, kama mtu anayerudi kutoka shambani.

Mama Pelagia alimwendea. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu ya baridi yabisi, lakini aliuinua ule mchi juu ya kichwa chake na kuushusha kwa nguvu zake zote. Ulimpata mtu yule usoni. Shavu lilibonyea kama boga.

"Mtoto wangu si wako!" alifoka. "Aliyekuahidi ameshakufa. Mfuate huko!"

Mkuki ulimwingia chini ya kifua. Mwindaji alimwinua nao, miguu ikaning'inia, ndala moja ikadondoka. Kisha akamweka chini kwa upole, kama unavyoweka mzigo wa mayai.

Mama Pelagia alikuwa ameshakata roho.

Mwindaji alikuwa ameshamkanyaga Niyubahwe kifuani. Ncha ya mkuki, ikidondosha damu ya mama yake, iligusa koo la mumewe, ikatulia pale.

"Njaa," mtu yule alisema.

"Usimpe!" Niyubahwe alikoroma. "Aki... usimpe!"

Ncha ikazama kidogo. Uzi wa damu ukateremka shingoni.

Akimana alimtazama mama yake kwenye vumbi. Akamtazama mumewe. Kisha akaenda jikoni, akapakua ugali wa muhogo na maharage. Akamnawisha mgeni mikono. Akapiga magoti, akamwekea sahani.

Mtu yule alikula tonge kwa tonge, bila papara. Akimana alilikazia macho tumbo lake. Safari hii hakikumwagika kitu. Chini ya ngozi ya mnyama, nyama ilikuwa inasogea, inakutana, inafunga.

Alipomaliza alimwinamia Niyubahwe, mdomo kwa sikio, kana kwamba anamnong'oneza jambo.

Mwindaji hakuinuka tena; ni kama alizama ndani yake. Pale kwenye maranda alibaki Niyubahwe peke yake, anahema, macho wazi.

Wa kwanza kufika alikuwa Bi Kuruthumu, mwenye duka la ng'ambo ya njia, Ayatul Kursiy bado iko midomoni. Polisi walikuja kesho yake. Walisema ni majambazi wa mpakani. Daktari aliyeuchunguza mwili wa Mama Pelagia aliuliza kama kuna nyati maeneo yale, maana tundu lile si la panga wala la kisu. Wazee wakamwambia nyati waliondoka vilimani humo kabla yeye hajazaliwa. Hakuna mbwa aliyepatikana, mzima wala mfu.

Baada ya matanga, Bi Kuruthumu alimvuta Akimana nyuma ya duka.

"Mwanangu, polisi sikuwaambia. Nilichungulia dirishani tangu mbuzi walipolia. Mtu mrefu sikumwona. Mbwa sikuwaona." Akameza mate. "Nilimwona mumeo. Yeye tu, na wewe, na marehemu mama yako. Ondoka, nina ndugu zangu Kasulu, watakupokea."

Akimana hakuondoka.

Mkono wa Niyubahwe ulipona. Kwayani hakurudi. Yeye ambaye hata panya hakuwahi kumtegea, sasa hupotea porini na kurudi na nyama, haongei, hulala ameketi. Akimana humpikia na kumtengea, wala hamtazami machoni.

Lakini kuna alfajiri nyingine, chache, Niyubahwe mwenyewe huzinduka akitetemeka na kumwita "Aki" kwa sauti aliyomtongozea. Huuliza, "Mama Pelagia hajambo?" Na Akimana, kila mara, humwambia upya kwamba mama amekufa. Niyubahwe hulia kama mtoto mapajani pake, naye humbembeleza, humpa habari upesi upesi kabla hajapotea tena: maharage yamezaa, mchungaji anakusalimu, paa linavuja.

Alfajiri ya juzi Akimana aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya tumbo lake mwenyewe, mahali ambapo kitu kilikuwa kimeanza kupiga mateke.

Niyubahwe aliacha kulia. Aliusikiliza mkono wake kwa muda mrefu.

"Aki," alinong'ona. "Ni wa nani?"

Kulikuwa kunapambazuka. Akimana alihesabu miezi kwa vidole mpaka jioni ile ya mihogo, kisha akaanza kuhesabu upya.