Kilichoziba Bomba la Jikoni

Jumamosi asubuhi Bi Spana alimwaga maji ya kuoshea vyombo kwenye sinki la jikoni. Maji yalishuka yote, kisha yakarudi. Yalirudi kiasi cha kikombe kimoja, yakiwa vuguvugu, na juu yake ulielea ukoga wa kijivu wenye harufu ya mdomo wa mtu aliyeamka bila kupiga mswaki.

Harufu ndiyo iliyomkera. Sinki kuziba alikuwa amezoea. Wapangaji wa jengo lile walimpa jina la Bi Spana kwa sababu hakuwahi kumwita fundi hata siku moja. Koki ikidondosha matone, alifunga maji, akaifungua, akabadilisha mpira. Bawaba ikilia aliitia mafuta, na mlango ukikwaruza sakafu aliupiga randa. Kazini alikuwa karani wa masjala, kutwa anapanga mafaili ya watu, na nyumbani alipenda kazi ambayo ikiisha unaona kwamba imeisha.

Mumewe, mwalimu wa hisabati, hakujua hata kukaza skrubu. Yeye alikuwa mtu wa usafi. Glasi aliisuuza mara mbili kabla ya kuinywea, na akikuta unywele kwenye sahani, basi siku hiyo chakula kimemwishia hapo.

"Leo tena umeingia uvunguni?" alimuuliza mkewe alipomkuta amejikunja chini ya sinki.

"Nisogezee beseni, mwalimu. Halafu kaa mbali, usije ukanizimikia hapa."

Mwalimu alisukuma beseni kwa ncha ya kiatu, akaziba pua, akaondoka akicheka.

Bi Spana alilegeza nati mbili, akalichomoa lile bomba fupi lililopinda chini ya sinki. Alitegemea mafuta yaliyoganda, punje za wali na majani ya chai. Alikuta nywele. Zilikuwa nyeusi, ndefu, zimesukwa na utelezi, na yeye kichwa chake alikinyoa kila mwezi, na mumewe alikuwa na upara unaong'aa. Alivuta. Zikaja. Alivuta tena, mpaka beseni likafika nusu, na kila fundo lilikuwa limeshikana kwa kitu cheupe kama samli iliyochacha. Zilikuwa na joto. Alipofika mwisho wa shungi, akahisi upande wa pili, ndani ya ukuta, unavutwa polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake aachie.

Akachukua mkasi, akazikata.

Kisha akarudisha bomba, akazungushia utepe mweupe wa kuzuia kuvuja, akakaza. Ili amalize kabisa, alimwaga pakiti nzima ya unga wa kuzibulia, na juu yake sufuria ya maji yanayotokota. Hakutamka neno lolote. Nani anaaga sinki? Kutoka ndani ya ukuta kilitoka kilio chembamba kama cha paka mchanga aliyefungwa kwenye gunia. Kikapanda, kikakatika. Maji yakashuka.

"Hewa hiyo," Bi Spana alijiambia, akanawa mikono mara tatu.

Jumapili, kabla ya chai, alisikia spana ikigonga jikoni. Alimkuta mumewe amechuchumaa, kabati la chini liko wazi, bomba ameshalifungua mwenyewe, kwa mikono ile isiyojua skrubu. Alikuwa amelishika mdomoni kama mtu anayefyonza mfupa. Ulimi wake uliingia ndani, ukazunguka, ukatoka umebeba uji wa kijivu, naye akaumeza. Utelezi ulimchuruzika kidevuni hadi kwenye fulana yake nyeupe iliyopigwa pasi.

"Mume wangu," alinong'ona. "Unafanya nini?"

"Natafuta." Sauti ilikuwa ya mwanamke, nzito, yenye maji ndani yake.

"Unatafuta nini?"

"Ulimwaga, hukusema. Watu wakimwaga maji ya moto huwa wanasema, tukasogea. Wewe hukusema."

Tangu hapo mwalimu hakula chakula cha mezani. Shuleni mkewe alituma habari kwamba anaumwa tumbo. Nyumbani alimfungia jikoni, akamfungulia, akamfungia tena, maana kumfungia hakukusaidia kitu: aliyakwangua mafuta kwenye kuta za sinki kwa kucha, akainua kifuniko cha tundu la sakafu bafuni, akachomoa tope na kulila kwa mikono miwili, taratibu, akitafuna, na sabuni iliyooza ikimtoka povu pembeni mwa midomo, na kila alipofumbua kinywa zilionekana nywele ndefu zimepita katikati ya meno yake, zikishuka kooni, na Bi Spana alipojaribu kuuvuta mmoja ulikuja wa urefu wa mkono mzima, huku tumbo la mwalimu lililonywea likitetemeka kwa kuvutwa. Alikimbilia dirishani, akatapika nje.

Jumanne mchana mwalimu alilala kifudifudi, mdomo ameubandika kwenye tundu la sakafu, anaita chini kwa sauti ndogo kama kuku anayeita vifaranga. Mbavu zilihesabika. Aliinua kichwa, akamtazama mkewe kwa macho yasiyopepesa.

"Ijumaa nitamtoa huyu wako matumbo," ile sauti ikasema. "Nitayavuta kama ulivyonivuta nywele. Nikichoka nitakata."

Ghorofa ya chini aliishi mama mmoja aliyeosha maiti. Wapangaji walimwogopa na mikono yake hawakuipenda. Bi Spana pekee ndiye aliyekuwa akiingia kwake; alimtengenezea kitasa, wakanywa chai. Sasa alishuka ngazi miguu peku, akamweleza yote.

"Mimi si mganga, mwanangu," Mwosha alisema.

"Najua, mama. Lakini umeshika yale ambayo wengine hawashiki. Sina pengine pa kwenda."

Jumatano saa nne asubuhi Mwosha alipanda na aproni yake ya mpira, beseni na kipande cha shuka nyeupe. Alipofika jikoni alisita. Kwa harufu ile, hata yeye alimeza mate. Akachuchumaa mbele ya mwalimu, akaongea kwa upole, kama anaongea na mfiwa.

"Pole, mama. Unataka nini ili utuachie mtu wetu?"

"Mwanangu. Amekwama kwenye ukuta. Amechemshwa."

"Mimi nitamtoa."

"Hapana. Amtoe aliyemchemsha. Ngozi kwa ngozi."

Mwosha alimgeukia Bi Spana, akamvua glavu aliyokwisha kuvaa. "Umesikia. Mtoe, nitakuelekeza kumwosha, tutamzika. Wafu wakioshwa vizuri, jamaa zao hutulia."

Bi Spana alifungua bomba hadi ukutani, akalala ubavu, akaingiza mkono. Uliingia hadi kwenye kiwiko, halafu hadi begani, shavu lake likabanwa na ukuta uliolowa, na ndani kulikuwa na joto la kinywa, na utelezi ulimpanda mkononi kama unamlamba, na vidole vyake vikapita kwenye mafuta, vikapita kwenye nywele, vikapita kwenye vitu vidogo vigumu ambavyo aliomba viwe punje za wali, mpaka vikagusa kitu laini kilichokuwa na umbo, nacho alipokishika, ngozi yake ikateleza na kubaki vidoleni mwake, kama ngozi ya nyanya iliyotiwa kwenye maji ya moto. Alilia kimyakimya. Alikizungushia kiganja chini, akakivuta kidogo kidogo, kikatoka kwa mlio wa kufyonza.

Kilikuwa na ukubwa wa kiganja. Hakikuwa na mifupa, au kama ilikuwepo ilishalainika. Kilikuwa na rangi ya ufizi, kimekunjwa, na mahali pa uso palikuwa na matuta mawili yaliyofungwa na mpasuko mmoja. Kilinuka maziwa yaliyoharibika.

"Maji vuguvugu," Mwosha alielekeza. "Usisugue. Anza kichwani."

Bi Spana alikiosha kwenye beseni kwa mikono mitupu. Mafuta yalitoka tabaka kwa tabaka, ngozi nyingine ikatoka nayo, ikaelea. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kona, magoti kifuani, anatazama beseni bila kupumua. Alipofika kwenye ule mpasuko, Bi Spana aliupitishia kidole cha shahada kuutoa uchafu, na ule mpasuko ukafunga. Ukakibana kidole. Ukaanza kunyonya.

"Mama," alinong'ona. "Mama, kinaninyonya."

Mwosha aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaikunja ile shuka nyeupe, akaitia kwapani, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu hajafa," alisema. "Mimi ni wa wafu tu, mwanangu. Hapa sina kazi."

"Nifanye nini?"

"Mrudishe kwao. Na safari hii sema."

Bi Spana alikichomoa kidole, kikatoka cheupe, kimekunjamana kama cha mtu aliyefua kutwa. Alikipeleka kile kitu kwenye tundu la ukutani. "Namrudisha," alisema, meno yakigongana. "Nisameheni. Namrudisha." Kikapokelewa. Alisikia kabisa kikipokelewa, nywele zikikizunguka ndani ya giza, kikivutwa kwenda chini ya nyumba.

Mwalimu alianguka kifudifudi, akatapika. Alitapika hadi adhuhuri, shungi baada ya shungi, ndoo mbili, na Mwosha ndiye aliyezibeba kwenda kuzimwaga, kwa kuwa Bi Spana hakuweza kusimama. Alipomaliza, mwalimu aliuliza kwa sauti yake ya siku zote kwa nini yuko sakafuni, akaomba glasi ya maji. Akaisuuza mara mbili.

Mlangoni Mwosha alimshika Bi Spana bega. "Usimwambie alichokula, wala ulichokiosha. Hatatia kitu mdomoni maisha yake yote."

Hakumwambia. Alimwambia aliumwa tumbo, akapandwa na homa, akawa anaweweseka. Mwalimu akaamini, akarudi shuleni, akanenepa. Bi Spana alilifunga lile bomba kwa mara ya mwisho, na kila alipotaka kumwaga maji alisema kwanza, akasubiri, ndipo akamwaga. Vyombo vyote vya ufundi alimpa jirani.

Wiki ya nne, akisafisha bafu, alikuta kitu kimenasa kwenye kifuniko cha tundu la sakafu. Alidhani ni mfuko wa plastiki. Alipouvuta ulikuja mwembamba, mlaini, una rangi ya ufizi, umetobolewa matundu mawili na mpasuko mmoja. Ilikuwa ngozi iliyovuliwa, kama gamba la nyoka. Aliinyoosha juu ya vigae. Ilianzia kwenye ncha za vidole vyake ikafika kwenye kiwiko.

Aliitia kwenye mfuko, akaufunga mafundo matatu, akautupa nje. Akanawa. Akaenda sebuleni, ambako mwalimu alikuwa anasahihisha madaftari.

"Mume wangu, tuhame," alisema. "Hata mwezi huu. Usiniulize kwa nini."

Mwalimu aliweka alama ya vema kwenye hesabu ya mwanafunzi, akafungua ukurasa mwingine.

"Tukihama," alisema kwa sauti yake mwenyewe, bila kuinua kichwa, "nani atakuwa anamwogesha yule mtoto?"