Nyati Avunja Ulingo

Kila siku baada ya vipindi, Kibiriti alifagia darasa harakaharaka, akachukua mkoba wake na kukimbilia chumba cha sayansi. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu ya hasira zake za papo kwa papo, na hata mama yake alikuwa ameshalizoea. Humo chumbani alimkuta rafiki yake Twiga, mvulana mrefu na mpole, akikaza skrubu za Nyati.

Nyati alikuwa roboti wa chuma mwenye magurudumu manne na pembe mbili za nondo. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo, bodi moja tu isiyozidi kiganja. Kamera ilimwona adui, kompyuta ikaamua, magurudumu yakaenda. Roboti wa chama cha sayansi walipigana katika ulingo uliozungushiwa mbao, na Nyati alikuwa hajawahi kushinda. Mpinzani wake, Shoka, alimpindua, akamburuta, akamponda ubavu mpaka bati likabonyea. Kiongozi wa kundi la Shoka, msichana aliyeitwa Kamanda, kila mara alicheka na kusema, "Leteni jeneza!"

"Nyati wetu anafikiri polepole mno," Kibiriti alilalamika. "Tuiongezee kompyuta mwendo."

"Mwalimu alisema tusiguse mipangilio bila yeye," Twiga akamkumbusha. "Ile bodi haina feni. Itachemka."

"Wewe nawe, uoga umekujaa mpaka kwenye kucha!"

Siku ya shindano, Twiga alipotoka kwenda kunywa maji, Kibiriti aliunganisha kibodi na skrini. Kwenye skrini nyeusi akaandika amri ya kufungua faili la mipangilio. Akapandisha namba ya mwendo wa kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa kompyuta, akapandisha na ya umeme wake. Akahifadhi, akaiwasha upya. Ikawaka bila shida. Hakumwambia mtu.

Kengele ilipolia, Nyati alichomoka kama risasi. Alimtandika Shoka ubavuni, akarudi nyuma, akamtandika tena. Pembe zikatoboa bati na kung'oa gurudumu, cheche zikaruka. "Mmalize! Mmalize!" watoto walipiga mayowe, na Kibiriti aliwashinda wote kwa sauti.

Wakati wa mapumziko aligusa bodi, akarudisha kidole upesi. Ilikuwa ya moto kama pasi.

"Mbona kuna harufu?" Twiga aliuliza.

"Harufu ya ushindi hiyo," akajibu, akafunga kifuniko.

Raundi ya pili haikufika mbali. Kompyuta ilizidiwa na joto, ikaganda. Amri ya mwisho iliyopewa magurudumu ilikuwa kwenda mbele kwa nguvu zote, nayo yakaendelea kuitii. Twiga, aliyeshika rimoti, alibonyeza kitufe chake cha kumsimamisha Nyati, akabonyeza tena na tena, lakini bodi haikusikia lolote. Nyati alivunja mbao za ulingo, na pembe yake ikachana mguu wa Kamanda chini ya goti. Kamanda akaanguka akipiga yowe. Damu ikatapakaa sakafuni.

Mwalimu aling'oa waya wa betri, akapiga magoti na kuubana mguu kwa shati lake. Nyuma yake, wenzake Kamanda walikuwa wameona jambo moja tu: rimoti ilikuwa mkononi mwa Twiga.

"Umefanya makusudi!" kaka yake Kamanda alinguruma, akampiga Twiga ngumi ya mdomo. Mwingine akampiga teke la tumbo. Twiga akadondoka, mateke yakamwandama.

"Nilibonyeza!" alilia. "Haki ya Mungu, nilibonyeza!"

Kibiriti alibaki akitazama. Angenyamaza, nani angejua? Kisha akamwona Twiga akitema damu.

"Ni mimi!" alisema, lakini hakuna aliyemsikia. Akajitupa juu ya rafiki yake, na teke lililofuata likampata shavuni. "Mwacheni! Ni mimi niliyeichezea kompyuta! Yeye hajui chochote!"

Mateke yakakoma.

Kamanda alishonwa mguu zahanatini. Kesho yake Kibiriti na mama yake walikwenda kwao kuomba radhi. "Kweli wewe kibiriti," Kamanda alimwambia. "Umetuunguza wote." Kaka yake naye alimwomba Twiga msamaha, macho yakiwa chini.

Twiga, mdomo ukiwa umevimba, alimuuliza Kibiriti swali moja: "Ile ngumi ya kwanza, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale," alijibu. "Niliogopa. Nisamehe."

Kamanda aliporudi shuleni, mwalimu aliwakusanya wote katika chumba cha sayansi. Kibiriti aliandika amri mbele yao na kuzirudisha namba za zamani. Kisha yeye na Twiga wakafunga feni, pamoja na swichi ya kukata umeme moja kwa moja kwenye betri.

"Kuongeza mwendo wa kompyuta si kosa," mwalimu alisema. "Ungeniuliza, ningekufundisha namna ya kupima joto lake. Kosa lako ni kuficha, Kibiriti. Ungesema pale ilipokuunguza kidole, mguu wa Kamanda ungekuwa mzima. Nanyi mliopiga, mngeuliza kwanza, mngejua kwamba mnampiga asiye na hatia. Ukikosea, sema mapema, wakati bado hakuna aliyeumia."

Kamanda akachechemea hadi kwenye meza na kuketi karibu na Kibiriti. "Haya," alisema, "nionyeshe hilo joto linapimwaje."